Mashine ya Assia ya Kuinua Gari

Mi nilisoma miaka mbili tu, na macho yangu imechoka. Lakini vijana wa garaji wananisumbua: "Bibi, andika we, ndiye uliyeingia pale chini." Kama wanajua vizuri hivyo, kwa nini hawaandiki wenyewe? Haya. Naandika mara moja, sirudii.

Assia ni binti ya mwanangu Hamissi, fundi wa gari hapa Buyenzi. Tangu mudogo alishinda garajini kwa baba yake, girisi mpaka kwenye viwiko. Wanawake wa mutaa wakanicheka: "Mama Hamissi, huyu utamuoza kwa lori?" Akasoma kompyuta. Akajifunza kuandika amri za mashine kwa lugha moja wanaita C. Mwaka jana akamutengenezea baba yake mashine ya kuinua gari, inatii kadi ndogo ya umeme: unabonyeza, gari inapanda, unabonyeza tena, inashuka. Nilijivuna, sifichi.

Kisha ile kadi ikaungua. Assia akanunua ingine kule Asiatique kwenye maduka ya vyuma, ya aina ingine, akaweka mule amri zilezile, hakugusa hata neno. Siku hiyo Hamissi alikuwa amelala chali juu ya kartoni, chini ya lori ndogo. Umeme ukakatika, ukarudi. Na lori ikaanza kushuka. Yenyewe. Hakuna mutu aliyebonyeza.

Mi nilikuwa naleta chakula cha asubuhi. Niliona miguu ya mwanangu ikipigapiga chini. Assia akaruka, akazima. Walipomutoa kwa jeki, kifungo cha shati kilikuwa kimechora duara kwenye ngozi ya kifua.

"Ni umeme tu," Hamissi akasema. Wakapandisha lori tena, wakazima na kuwasha mara tisa. Ikatulia mara zote tisa. Wakazima. "Unaona, Mama? Imepona. Mwenye lori ananingoja."

Hizo mara tisa ndizo ziliniogopesha zaidi. Kitu kinachokosea kila mara utakikimbia. Hiki kilikuwa kinachagua. Nikaingia mi mwenyewe chini ya lori, nikalala juu ya ile kartoni.

"Mama, toka!"

"Sitoki. Assia, nisomee amri zako, moja moja."

"Bibi, hautaelewa."

"Soma!"

Akasoma. Kuna visanduku, akasema, mashine inaweka mule hesabu zake. Kimoja ni cha kushusha: kikiwa na sifuri, gari inabaki juu, kikiwa na hesabu ingine yoyote, inashuka.

"Mashine ikiamka, mule ndani kuna nini?"

"Sifuri, Bibi."

"Nani aliiweka?"

Akatazama tena amri zake. "Hakuna mutu. Kwenye kompyuta yangu ilikuwaga sifuri tu. Kwenye kadi ya kwanza pia."

Miaka thelathini nimeuza mawese. Hapa kwetu, kabla ya kupima, unageuza kopo juu chini mbele ya mununuzi aone ni tupu, hata kama umetoka kuliosha sasa hivi. "Na hii kadi mupya," nikamuuliza, "nani aliigeuza?"

Hapo Assia akaelewa. Ile kadi haifagii visanduku vyake. Inaamka na takataka yoyote iliyobaki, na mara tisa takataka ilikuwa sifuri.

Nikatoka. Assia akapitia amri zote, kila kisanduku akaandika yeye mwenyewe kinaanza na nini. Akakuta vingine vinne vilivyoachwa hivyohivyo. Wakaweka magunia ya muchanga chini, wakawasha na kuzima mpaka adhana ya adhuhuri. Ndipo Hamissi akarudi chini. Mi sikuweza kutazama.

Sasa sikia linaloninyima raha. Assia, kwa moyo muzuri, alikuwa amewapa mafundi wengine zile amri za kwanza, Cibitoke na sijui wapi, kwa kadi za kila aina. Majina hakuandika. We unayesoma, kama garaji yenu iko na mashine hiyo, mutoe mutu chini, uzime, sasa hivi, karatasi hii utamaliza baadaye. Kisha uje Buyenzi, uulize Assia wa Hamissi, uchukue amri mupya. Na usiniambie kwenu haijakosea hata mara moja. Apana. Kuja.