Sauti Ilikatika, Nikaendelea Kutafsiri

Jina langu liacheni. Inatosha mjue kwamba mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, mtumishi wa serikali hapa Dodoma, naishi Area D, na kanisani kwetu nilikuwa mkalimani. Nilitia maneno yangu kinywani mwa mtu mwingine, na kuna binti yuko kaburini kwa sababu hiyo. Nisimsingizie shetani. Nilijua ninachofanya.

Ilikuwa semina ya viongozi wa kanisa, siku tatu. Wahubiri walikuwa huko nje ya nchi, sisi tukiwatazama moja kwa moja kwa video kwenye skrini kubwa ukumbini. Kanisa letu lilikuwa kituo, kwa hiyo wainjilisti na wazee wa kanisa walikuja kutoka vijijini. Wengi wao Kiingereza hawakijui kabisa. Sauti ya mhubiri ilikuja kwenye hedifoni zangu mimi peke yangu, nami nikaitoa kwa Kiswahili kwenye maiki. Ukumbi mzima ulikuwa unanisikia mimi tu.

Siku ya kwanza nilitafsiri vizuri, kwa hilo sitajishusha. Mchungaji wetu alinisifia mbele za watu. Mzee mmoja alinishika mkono akasema anamsikia Roho ndani ya sauti yangu. Jamani, sifa zinalewesha! Siku ya pili nilivaa kitenge kipya, nikafika mapema, nikasogeza kiti changu mahali nitakapoonekana na wote.

Mchana ule somo lilikuwa kiongozi na nyumba yake. Mhubiri alikuwa mtu wa makamo, mpole wa kusema. Alianza kwa kuuliza, mtoto wa mtumishi akipotea, mtumishi afanye nini? Nikalitafsiri swali. Hapo hapo hedifoni zikawa kimya.

Picha ilikuwa inaendelea kama kawaida. Mhubiri anapunga mikono, mdomo unacheza, na watu wote wananitazama mimi. Fundi wa mitambo aliinama chini ya meza akawa anahangaika na nyaya zake. Nilitakiwa niseme kwamba sauti imekatika, tusubiri kidogo. Niliona aibu. Nilihisi watadhani Kiingereza kimenishinda.

Basi nikaendelea. Dakika nne au tano hivi nilihubiri mimi, mhubiri akipunga mikono kwenye skrini. Niliokota vipande vya mahubiri makali niliyoyasikia tangu utotoni. Nikasema mtumishi anayefuga uchafu nyumbani kwake, madhabahu yake ni najisi. Nikasema mwenye mtoto aliyeharibika achague, mtoto au utumishi, maana huwezi kuvishika vyote viwili. Watu wakaitikia amina. Kila amina ikanipandisha, nikazidisha ukali.

Sauti iliporudi, mhubiri alikuwa anafuta machozi. Alikuwa anamalizia kusimulia jinsi alivyokwenda mwenyewe kilabuni kumtoa mwanawe mlevi, akamrudisha nyumbani. Alisema mchungaji akimfungia mwanawe mlango, kondoo wengine wataingilia wapi?

Nilisikia vizuri kabisa, neno kwa neno. Lakini ningerudije nyuma mbele ya ukumbi uliojaa? Nikasema tu, "Mtumishi wa Mungu anaumizwa sana na jambo hili." Watu wakapiga makofi, somo likaisha.

Wakati wa chai mzee mmoja alinifuata, mwinjilisti wa kutoka upande wa Gulwe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akasimama akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama," akaniambia, "samahani nakusumbua. Yule mtumishi amesema kweli nichague?"

"Una shida gani, baba?"

"Binti yangu ana mimba ya miezi mitano. Mwanaume mwenyewe alikuwa kibarua wa ujenzi, ameshaondoka. Mama yake alifariki, tunaishi wawili tu. Huyo ndiye ananipikia. Nilikuwa nimeamua kumlea na mtoto wake, sasa leo nimesikia hili."

Mlango wa kutubu ulikuwa wazi mbele yangu. Mimi mwenyewe mwanangu wa kwanza nilimzaa nikiwa nyumbani kwetu, sijaolewa, na baba yangu hakunifukuza. Ningeweza kumwambia hata hilo. Lakini mchungaji alikuwa ananiita tukapige picha ya pamoja na wageni, na nilikuwa nimeshaanza kugeuka.

Nikamjibu, "Ndivyo alivyosema, baba. Mungu akutie nguvu."

Habari nilizipata baada ya miezi miwili na kitu, kwa mchungaji, kwenye maombi ya katikati ya wiki. Alitaka tumwombee mwinjilisti wa upande wa Gulwe aliyefiwa na mtoto. Binti huyo nitamwita Yunisi, ingawa si jina lake. Aliondoka kwao na mfuko wa nguo, akaja Makutupora kufanya kibarua cha kuchuma zabibu. Alilala chumba kimoja na vibarua wenzake. Mimba ilipofika miezi saba alianza kutokwa damu akiwa shambani, akaficha, akaogopa atakatwa malipo ya siku. Walipompakia kwenye pikipiki kumkimbiza hospitali alikuwa ameshapoteza damu nyingi. Alifia njiani, na mtoto tumboni.

Mchungaji aliongeza kwamba mzee yule, kwa kumtoa binti yake nyumbani baada ya semina, ametuachia mfano mgumu wa utii. Watu wakasema amina. Mimi nilitoka nje.

Wiki mbili nilikaa na siri hiyo peke yangu. Kisha nikamweleza mume wangu, akasema, "Nenda ukamwambie mwenyewe." Nikaenda Gulwe.

Mzee alinipokea kwa heshima hadi nikatamani anipige. Alinipa kiti, yeye akakaa kwenye kigoda. Chai alichemsha mwenyewe, ikawa na moshi. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Nikamwambia sauti ilikatika, yale maneno yalikuwa yangu, na aliponiuliza nilimdanganya tena.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwa hiyo yule mtumishi hakusema nichague?"

"Hakusema, baba."

"Alisema nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia, "Alisema mwanawe alikuwa mlevi. Akamfuata kilabuni, akamrudisha nyumbani."

"Akamrudisha."

"Ndiyo, baba."

"Na bado ni mtumishi? Bado anahubiri?"

"Bado anahubiri."

Alitikisa kichwa taratibu. Akasema, "Yunisi alisimama pale mlangoni akaniuliza kama ndiyo Mungu kasema. Nikamwambia ndiyo." Kisha akaniomba niende, maana alitaka kubaki peke yake.

Uinjilisti ameuacha. Mimi nilisimama kanisani nikayasema haya yote, maiki nikairudisha. Wapo walionionea huruma, wakasema ni ajali ya mitambo. Si kweli. Sauti ilikatika dakika tano, uongo wangu uliendelea miezi miwili, na siku yoyote katika hiyo miezi ningeweza kupanda basi kwenda Gulwe wakati Yunisi bado yuko hai.

Wewe unayesimama mbele za watu kusema kwa niaba ya mwingine, usipomsikia, sema hujamsikia. Watakucheka kidogo, watakunywa maji, watasubiri. Na kama umeshakosea, usingoje moyo utulie ndipo ukasahihishe. Nenda leo, kuna mtu amekuamini na ameshafika nyumbani kwake kutekeleza.