Kanda Niliyoisafisha

Enzi zetu sie wa Temeke, albamu haikuwa ya kusikiliza mtu mmoja. Redio kaseti ndiyo kwanza zilianza kujaa madukani baada ya miaka ya kukosa hata sabuni, na nyumba iliyokuwa nayo ilijulikana mtaa mzima. Kwa akina Sefu ilikuwepo. Mjomba wake baharia ndiye aliyeileta. Kila Jumamosi baada ya adhuhuri tulikaa barazani kwao watu watatu: Sefu mwenyewe, Rehema wa nyumba ya pili, na mie. Tulisikiliza upande A mpaka mwisho, tukageuza, kisha ubishi ukaanza. Rehema alipima albamu kwa maneno ya nyimbo, akiyanakili kwenye daftari la jiografia. Sefu alikuwa mtu wa gitaa la besi. Mie nilitaka sauti safi. Kanda ikikwaruza kidogo nilikunja uso kama niliyeng'atwa na siafu. Walinicheka kwa hilo. Laiti wangenikomesha kabisa.

Albamu tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya bendi ya dansi, nyimbo sita. Rehema aliiazima kwa binamu yake wa Sinza, nikaleta redio ya baba, tukaziweka redio mbili uso kwa uso chumbani kwa Sefu. Moja inapiga, nyingine inarekodi, mlango umefungwa, hakuna kukohoa. Katikati ya wimbo wa pili, pale gitaa linapopanda peke yake, mama yake Sefu akaita kutoka uani, "Sefu, we Sefu, funika hayo maji, kuku wanakunywa."

Ikaingia kwenye kanda. Mie nilikasirika, wenzangu wakacheka mpaka machozi. Ikawa kila tukifika pale Rehema anamwigiza, na mama mwenyewe akipita na sinia la vitumbua anasema, "Nyie bado mnanisikiliza humo? Hao kuku tushawala."

Mwaka uliofuata mama yake Sefu aliugua homa. Alipelekwa hospitali Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Sefu alikuwa na miaka kumi na tano. Siku nyingi hakutoka nje. Alikaa chumbani na redio yake, na sie tukidhani anajiliwaza kwa muziki.

Ilipopita arobaini nilitaka kumfanyia jambo la kumfurahisha. Nilipata habari kuwa fundi mmoja Tandale ana kanda halisi ya albamu ile, na mashine nzuri ya kurekodia. Nikamwomba Sefu anipe yetu, nimwonyeshe fundi ni nyimbo zipi. Alisita, akaishika muda.

"Irudishe Jumamosi," alisema. "Usizidishe."

Kule Tandale kanda tupu zilikuwa zimeisha. Fundi akaniuliza arekodi wapi. Nikampa ile ile. Sikufikiri mara mbili. Nilirudi nyumbani kwa miguu, moyo mweupe, nikijua nimebeba zawadi.

Jumamosi Sefu akaitia redioni. Sauti ilitoka safi ajabu, hata besi yake aliyoipenda ilisikika kila pigo. Mie natabasamu, nangoja nisifiwe. Wimbo wa pili ukaanza, gitaa likapanda, likashuka. Sefu akarudisha nyuma, akasogeza sikio karibu na spika. Likapanda, likashuka. Akarudisha tena.

"Mbona haisikiki?" akauliza.

"Nini?"

Rehema alishaelewa, alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Mama," Sefu alisema.

Nikajibu, "Nimeisafisha." Hilo ndilo neno lililonitoka.

Hakunipiga, wala hakunitukana. Aliitoa kanda, akaniwekea mkononi, akaingia ndani akafunga mlango. Tangu siku ile hatukukaa tena barazani pale.

Nilizunguka kwa wote waliowahi kunakili kwetu. Walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa amesharekodi mawaidha juu yake, na ya mwenzake ilikuwa imekatwakatwa na mashine, kaitupa. Kabla mwaka haujaisha baba yake Sefu akawahamishia Kigamboni. Hakuja kuniaga.

Miaka mingi baadaye tulikutana Magogoni, tukingojea kivuko. Yeye ndiye aliyeanza kunisalimu. Tuliulizana watoto na kazi, nikapata ujasiri nikamwomba radhi.

"Ulikuwa mtoto, bwana," alisema. Kisha akaangalia chini. "Ila sauti yake imenitoka. Nikijaribu kuikumbuka, naisikia ya Rehema akimwigiza."

Geti likafunguliwa, watu wakasukumana, akatangulia. Sikumfuata.

Siku hizi binti yangu ana maelfu ya nyimbo kwenye simu na sijamwona akimaliza albamu hata moja. Anaruka wimbo hadi wimbo kama anakanyaga moto, waya masikioni, hana wa kubishana naye. Huwa namtania kwamba hajui muziki. Lakini juzi, akitafuta kitu humo, ilitokea sauti ya bibi yake, marehemu mama yangu, akimwagiza vitunguu na kumhimiza asichelewe. Mwenyewe hakujua kama anayo. Akaizima, akaendelea kutafuta.

Sefu hana hata hiyo ya vitunguu. Aliyemnyang'anya ni mie, rafiki yake, na nilikuwa nataka sifa.