Kovu la Isidore

Mwezi wa pili Mama Clotilde alianza kunusa vikombe vya mwanawe. Isidore alikuwa na miaka thelathini na mmoja, hajaoa, kazi yake kuvunja mawe ya chokaa kule Kakontwe. Akirudi jioni alipepesuka, ulimi wake umekuwa mwekundu na laini, vidole vinamwasha. Mama alinusa kikombe, chupa ya maji, hata kola ya shati. Harufu ya lutuku, pombe kali ya kienyeji, hakuipata hata siku moja.

Wenzake kazini hawakuhitaji kunusa. Banza, aliyekuwa akibeba naye nyundo, alimchokoza mbele ya watu: "Weye, barabara yote hii haikutoshi?" Wakacheka, na Isidore akacheka nao.

Dispansere ya kazini ilimpima damu. Dokta Urbain alieleza kwamba chembe nyekundu ni chache, tena zimevimba kupita kawaida. Sababu zake ni nyingi, alisema: ini, tezi ya shingo, dawa fulani, chakula kisicho na vitamini, lakini pombe ndiyo anayoikuta mara nyingi. Kisha akainua shati la Isidore.

"Na kovu hili?"

Isidore alimtazama mama yake, aliyekuwa amemsindikiza. Mama akamtangulia kujibu.

"Bati, dokta. Alianguka juu ya bati."

Haikuwa bati. Miaka saba nyuma tifoidi ilimtoboa utumbo, na madaktari wa Lubumbashi wakakata kipande chake ili apone. Alipotafuta kazi, waliambiwa kwamba aliyepasuliwa tumbo hapewi nyundo. Basi mama akatunga habari ya bati, akamfundisha mtoto, na mshahara ule ndio uliowalisha tangu hapo. Sasa angeirudisha vipi nyuma?

Wakaenda nyumbani na vidonge vya asidi ya foliki, na onyo la kuacha pombe.

"Minye sikunywaka, mama. Weye unajua."

Alijua. Lakini mlevi hupewa onyo tu. Aliyedanganya kwenye fomu hufukuzwa. Kwa hiyo aliliacha jina hilo limkae mwanawe, akawa anampa vidonge asubuhi na kumchungulia macho. Baada ya wiki tatu rangi ilimrudia. Mama alimshukuru Mungu, ingawa miguu ilizidi kuwa mizito.

Jumapili moja, wakielekea misa, kandambili ya Isidore ilibaki njiani. Hakujua. Aliendelea kutembea, akakanyaga kipande cha chupa, akaenda hatua kumi nyingine akiacha damu kwenye vumbi, huku akimweleza mama yake habari za kwaya.

Kesho yake Mama Clotilde alikaa na Isidore mbele ya Dokta Urbain na kusema yote: tifoidi, Lubumbashi, utumbo.

Dokta hakumgombeza. Alisema kipande kilichokatwa ndicho kinachonyonya vitamini B12. Akiba ya mwili hudumu miaka, kisha huisha. Damu huharibika, na mishipa ya fahamu nayo. Vidonge vile vilirudisha rangi tu, chini yake mishipa ikaendelea kuharibika. Sasa ni sindano, mwanzoni mara kwa mara, baadaye kila miezi miwili au mitatu, maisha yote.

"Na miguu?" mama aliuliza.

"Damu itapona, Mama Clotilde. Miguu, tungeanza mapema ningekuahidi. Leo siwezi."

Alipomaliza kumchoma Isidore sindano ya kwanza, dokta alivuta fomu ya kazi. Kazi ya mawe basi, alisema, na sababu lazima iandikwe. Kama watampa nyingine, yeye hajui. Akauliza aandike nini. Mama Clotilde alifungua mdomo.

"Nyamaza, mama," Isidore alisema polepole. "Leo nitajibu minye."

Akaanza na mwaka aliopasuliwa, na jina la hospitali. Mama alibaki kwenye benchi, mikono mapajani, akisikiliza kalamu.