Nyanya Iliyonyauka Njiani Kwenda Runzewe

Nilifunga safari kwa sababu ya aibu, nisiwafiche. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa msaidizi katika maabara ya mimea Shinyanga. Miezi miwili kabla nilikuwa nimekwenda Runzewe na chupa ya vijidudu, nikavimwagia miche ya nyanya mbele ya akina mama wa kikundi cha bustani, ambao nyanya zao zilikuwa zikinyauka, nikatamba: "Wiki ijayo itanyauka. Mtaona ugonjwa wenu ni vijidudu, si mtu." Wiki ikapita, miche ikastawi, ikazaa nyanya kubwa kubwa. Basi mwenyekiti wao, Mama Ndaki, akaniandikia barua. Kama si vijidudu, ni Mama Kulwa, yule mjane mgeni, maana kila tuta alilolima kwa jembe lake lilinyauka. Jumamosi wangemtoa kikundini, naye hakuwa na pengine pa kulima.

Mkuu wangu wa maabara aliponisikia alicheka. "Ulikuwa unavilisha nini?"

"Sukari, kila wiki."

"Ndiyo maana. Umevidekeza, vimesahau kazi."

Vijidudu vya ukoo uleule nilikuwa nimevisahau kabatini mwaka mzima, ndani ya maji matupu. Tulipoviotesha, vilitoa ute mweupe mzito. Vile vyangu vya sukari vilikuwa vikavu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa sawasawa. Kijidudu kina jeni za kutengeneza ute, na juu yake iko jeni moja ambayo ni msimamizi. Vikiwa vichache, msimamizi hunyamaza. Vikishajaa ndani ya shina huhisiana, msimamizi hutoa ruhusa, na ute huziba njia za maji hata mmea ukafa kiu udongo ukiwa umelowa. Katika vile nilivyovidekeza, msimamizi alikuwa ameharibika.

Siku tano kabla ya safari nikachukua miche miwili ya nyanya kwenye makopo. Mmoja nikaupa vijidudu vya sukari. Wa pili nikaupa vya kabatini, nikafunga kitambaa chekundu kwenye kopo lake.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, Ngokolo, pale Shinyanga. Miche yote miwili imesimama wima, na moyo wangu uko juu juu. Dereva wa lori la chumvi akaniuliza, "Mama Salma, nyanya hizo unazipeleka wapi?"

"Moja naipeleka kufa," nikamwambia. Alinitazama, kisha akawasha gari.

Saa tano, Nyahanga, pale Kahama. Tulishuka kunywa chai, na niliporudi nikakuta jani moja la mche wa kitambaa chekundu limelegea. "Alhamdulillahi," nikasema kwa sauti. Wachimbaji wawili wa dhahabu waliopanda hapo, wakienda machimbo ya upande wa Geita, walitazamana. Mmoja aliionea tamaa ile chupa ya maji ya kabatini, niliyoibeba pamoja na makopo.

"Mama, hiyo zebaki?"

"Ni maji."

Hakuniamini. Lakini kadiri tulivyokwenda na mche ulivyozidi kuinama, huruma ilimshinda, akafungua dumu lake. "Mnyweshe, mama, huyu anakufa."

"Mwache afe."

"Una roho ngumu wewe." Akamwagia maji makopo yote mawili kwa mkono wake. Nilicheka hadi machozi.

Alasiri, Runzewe. Mche umelala chali, mwenzake mbichi kabisa. Yule mchimbaji alinishushia makopo taratibu, akaniambia, "Pole kwa msiba."

Jumamosi asubuhi, bustanini. Mama Kulwa alikuwa ameketi peke yake, jembe miguuni. "Mwangaluka," alikuwa akimwamkia kwa Kisukuma kila aliyepita, na hakuna aliyemwitikia.

Mama Ndaki aliyakagua makopo yangu. "Huu umeuawa na jua la njiani."

"Na mwenzake aliyekaa naye ubavu kwa ubavu?"

"Basi kiu."

"Wamenyweshwa wote wawili, tena na mtu baki."

Nikakata shina la mche uliokufa, nikalitia kwenye glasi ya maji. Wakasogea. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye shina. Nikakata na shina la ule mbichi, halikutoa kitu. Nikamwomba Mama Ndaki akate shina lililonyauka kutoka tuta lake mwenyewe. Nyuzi zilezile.

"Hivyo vyeupe ndivyo vijidudu. Vinakaa udongoni," nikasema, "vinatembea na udongo wa kwenye jembe. Nani hapa jembe lake halijapita tuta lililonyauka?"

Kila mtu alitazama jembe lake. Bibi mmoja akasema, "Kumbe wachawi ni sisi sote," na kicheko kikapasuka bustani nzima. Nilipowaeleza habari ya vijidudu vya sukari, Mama Ndaki akadakia: "Kama mkwe wangu. Kala kwangu miezi mitatu, hajui tena kulima."

Tulichemsha maji, tukaosha majembe yote. Kisha Mama Ndaki akamwendea Mama Kulwa, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu. Mpini wangu umelegea. Niazime jembe lako." Kule haliazimwi jembe la mtu unayemwogopa. Mama Kulwa aliliosha mara ya pili, akampa. Nami nililia, sioni haya kusema.

Jumapili, safari ya kurudi. Nilikuwa nimejifunza kutotamba kabla sijajua vijidudu vyangu vimekula nini. Mama Kulwa alinisindikiza hadi kwenye lori na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nikamuuliza mbona hana jembe na siku ni ya kulima.

"Hata sijui liko wapi, Mama Salma," akasema huku akicheka. "Sasa limeazimwa nyumba ya tatu."