Sarafu ya Mama yake Phonsi

Mimi na Buakham vibanda vyetu vimegusana, soko la Savannakhet: mimi na wali wangu wa kunata, yeye na sarafu zake za kale. Anazo za Wafaransa, za Siam, mpaka za nchi ambazo siku hizi hazipo. Huzisugua kwa ukwaju mpaka zing'ae. Wakusanyaji wa sarafu wakimwona hushika vichwa: weusi wa ukale ndio bei! Yeye huwajibu, "Uchafu ungekuwa na bei, mume wangu angekuwa tajiri."

Akitaka kujua kama sarafu ni ya fedha kweli, huitia chini ya ulimi. Ya bandia huitema palepale.

"Dada, mdomo wako una pesa kuliko benki," namtania.

"Na wako una maneno kuliko redio."

Asubuhi moja akaja Phonsi, fundi cherehani, macho yamemvimba.

"Mama Buakham, kaka yangu alikuuzia kopo la sarafu?"

"Juzi. Alikuwa amelewa, lakini bei aliijua."

"Humo ilikuwamo sarafu ya mama."

Buakham akaacha kusugua. Kwetu maiti hutiwa sarafu mdomoni kabla ya kuchomwa, na moto ukishazima, mtoto huiokota majivuni akaitunza.

"Tangu iondoke, mama ananijia ndotoni," Phonsi akasema. "Kinywa wazi. Anataka kusema, sauti haitoki. Sasa naogopa kulala. Nirudishie, utaijua tu, ni nyeusi tii."

Buakham akamsogezea sinia. Zote zilikuwa zimeshaoga ukwaju. Zinameremeta, zote zimechorwa mwanamke wa Kifaransa aliyekaa, zinafanana kama mayai.

Phonsi akaanza kulia.

"Nyamaza, mwanangu," Buakham akasema. "Ngoja nizionje."

Akatia moja chini ya ulimi, akatema. "Fedha." Nyingine. "Bati! Mlevi kanipata." Nikacheka. Akatia ya tatu, akafumba mdomo.

Hakutema. Jua lilikuwa kali, lakini mvuke wa wali wangu ulinifikia wa baridi. Halafu akasema, na sarafu imo mdomoni, maneno yametoka safi, kwa sauti ya kizee ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Phonsi. Nifungulie dirisha."

Phonsi akapiga magoti kwenye maganda ya ukwaju. "Usiku ule wa mwisho nilidhani utapata baridi, mama! Nililifunga kwa ajili ya mvua!"

Buakham akakohoa, sarafu ikaangukia kiganjani mwake. Nyeusi tii, kama imetoka motoni sasa hivi. Phonsi akaifunga kwenye kona ya sketi yake, akakimbia nyumbani. Tangu siku hiyo analala, anasema, dirisha wazi.

Buakham siku hizi anapima kwa mizani. Nilipomuuliza alisikia nini, alisema hakumbuki, ila kifua kilimbana, akatamani hewa.

Mvua ikija, Buakham hafungi kibanda chake upande wangu. Wali wangu unalowa kila inaponyesha. Na mimi, mwenye maneno kuliko redio, sijamwambia afunge.