Salamu zangu za barua zilivyomkatia bibi huduma ya kidonda

Wakuu, heshima kwenu. Hili lilitokea nyumbani, Nangara, Babati. Mwenye kosa ni mimi, kwa hiyo sina sababu ya kulipamba.

Ilikuwa miaka ya themanini, ile ya shida. Tulikuwa bado Mkoa wa Arusha. Sabuni ilikuwa kitu cha kuombea. Bandeji usiulize.

Bibi yangu alikuwa na kidonda mguuni kisichofunga. Kila Jumanne na Ijumaa Mama Yuliana, mhudumu wa afya, alikuja kwa miguu kutoka Sigino kukisafisha. Dawa, bandeji na posho yake vililipwa na mfuko mmoja wa hisani wa Ulaya, kupitia kamati ya kijiji.

Mfuko ulitaka barua za wagonjwa wenyewe. Kiswahili ruhusa, wangetafsiri huko huko.

Mwalimu Safari, katibu wa kamati, akanipa kazi hiyo kwa niaba ya wote. Nilikuwa darasa la saba, mwandiko mzuri.

Nikaandika kama tulivyofundishwa: "Salamu nyingi sana. Sisi huku ni wazima wa afya, hatujambo kabisa, hofu ni kwenu tu." Halafu shukrani, ukurasa mzima. Vidonda nilivipa mstari mmoja, chini kabisa, karibu na jina langu.

Majibu yalipofika, Mwalimu Safari alikuja kutusomea. Mfuko umefurahi mno kusikia wagonjwa wote wamepona. Msaada utahamishiwa kwingine, kwenye uhitaji.

Mama Yuliana akautazama mguu. "Hongera, bibi. Umepona."

"Na wewe hongera," bibi akamjibu. "Umepumzika."

Bandeji zilizobaki zilifuliwa, zikaanikwa, zikafungwa tena, mpaka zikawa nyuzi. Kidonda kikaanza kunuka. Siku moja Mama Yuliana alipita kutusalimia, akasema wazi: kikiendelea hivi, mguu utakatwa.

Mwalimu akaniamuru niandike upya, na safari hii nisianze na uzima. Nikaandika: "Sisi ni wagonjwa." Nikamsomea bibi ili atie dole gumba.

Akakataa.

"Unaingia kwa watu unalia? Hata hodi?"

"Bibi, wao hawasalimiani hivyo."

"Na wewe umekuwa wao lini? Wajulie hali kwanza."

Mwalimu akakuna kichwa. Tukaafikiana: tunawauliza hali zao, yetu tunaisema ilivyo. Safari hii kidonda kikapata ukurasa mzima, pamoja na harufu. Bibi akatia dole.

Miezi ikapita, boksi likaja. Mama Yuliana akarudi. Mguu ukapona usikatwe.

Ndani ya boksi kulikuwa na barua ya mama mmoja wa ofisi ile. Anashukuru kuulizwa hali. Goti linamsumbua, usiku halali vizuri.

Bibi alishangaa sana. "Mtu anakujulia hali, unamtajia goti? Huyu hakulelewa." Halafu akanigeukia. "Mwandikie. Mwambie pole."

Mimi baada ya kidato cha nne nilianza kuzunguka. Mpanda, Tunduma, Chunya. Sijatulia mpaka leo.

Nikiwa Chunya nikapata barua ya bibi, amemwandikisha jirani: "Sisi huku ni wazima kabisa, hofu ni kwako tu."

Nikaikunja, nikaendelea na kazi. Mimi, niliyejua kuliko wote barua ile inasomwaje.

Nilipofika Nangara msimu uliofuata, kaburi lilikuwa limeshaota nyasi. Mama Yuliana aliniambia bibi alikuwa kitandani siku anaiandikisha.

Nilichojifunza: ukiandika proposal ya kuomba msaada wa afya, anza na ugonjwa, adabu itafuata. Ukipokea barua ya nyumbani, panda basi.

Wenye wazazi mbali, wakiwaambia wako wazima mnajuaje? Nasoma maoni yenu yote.