Shemeji Desimali na Vivumishi vya Mashine

Mume wa dada yangu ni karani wa takwimu hospitalini. Wenzake wanamwita Desimali, kwa sababu ukimuuliza kama wali umeiva atakwambia umeiva asilimia themanini na saba nukta tano. Ni mpole, ana kalamu tatu mfukoni, na sijawahi kumsikia akitia chumvi. Hata rambirambi huandika kama risiti: marehemu, tarehe, poleni.

Mwaka huo alikuwa anamalizia shahada ya uzamili. Mkuu wa kitengo chao alikuwa anastaafu, na hospitali ilishasema wazi kwamba kiti kile hakikaliwi na mtu asiye na shahada hiyo. Kwa hiyo nyumba nzima iliishi kwa ajili ya tasnifu. Dada alikuwa akifuta vumbi kwenye kompyuta kama anayemwogesha mtoto mchanga.

Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Nusu ya wagonjwa wa shinikizo la damu walitumiwa ujumbe wa simu kuwakumbusha siku ya kliniki, nusu nyingine hawakutumiwa. Waliotumiwa walirudi zaidi, lakini kidogo tu, na kidogo chenyewe kilikuwa cha aina inayoweza kutokea kwa bahati. Shemeji alipiga hesabu mara tatu. Mara zote tatu bahati ilimshinda.

Msimamizi wake chuoni aliirudisha rasimu na neno moja pembeni: "Kavu."

Ndipo shemeji alipoipa programu ya akili bandia sura ya matokeo, akaiomba inyooshe lugha. Ilinyoosha lugha, na ilipomaliza lugha ikaendelea. Shemeji akanogewa, akawa hatoki mbele ya kioo cha kompyuta. Dada akaibatiza programu ile jina la mke mwenza.

"Mke mwenza kasemaje leo?"

"Kasema utafiti wangu unafungua ukurasa mpya."

"Wa nini?"

"Hakufafanua."

Siku ya kukabidhi, alichukua rula na kuhakiki kila namba dhidi ya majedwali yake. Hakuna hata moja iliyokosewa. Maneno yaliyokaa katikati ya namba aliyaruka kama mtu anavyoruka madimbwi, kwa sababu katika fani yao maneno ni vifungashio tu.

Maoni ya msimamizi yalirudi haraka ajabu. Kazi ilikuwa "ya kina, yenye mvuto, na inayofungua ukurasa mpya."

Dada aliyasoma mara mbili. "Baba watoto, mbona mwalimu wako anaongea kama mke mwenza?"

"Wasomi hufanana," shemeji akajibu, akiwa bado anachekelea.

Utetezi wa tasnifu ulifanyika katika chumba chenye meza ndefu, feni inayogonga, na chupa za maji ambazo hakuna aliyethubutu kuzifungua. Mimi na dada tulikaa nyuma kabisa. Mtahini wa nje alikuwa mama mmoja mwenye viatu vya chini, aliyekuwa ameisoma tasnifu yote, jambo lililowasumbua kidogo wenzake.

"Bwana, hapa umeandika kwamba matokeo 'yanaashiria mwelekeo wenye matumaini makubwa.' Mwelekeo wa kwenda wapi?"

Shemeji akamwangalia msimamizi. Msimamizi akaiangalia feni. Shemeji angeweza kusema utafiti zaidi unahitajika. Wote wangeitikia kwa vichwa, tukaenda kula. Dada alinibana mkono mpaka ukafa ganzi.

"Hauendi popote, profesa. Umekaa pale pale."

"Kwa hiyo ujumbe ulisaidia au haukusaidia?"

"Sina ushahidi kwamba ulisaidia."

"Sasa matumaini haya makubwa ni ya nani?"

"Ya mashine. Niliiomba inyooshe lugha. Namba nilizihakiki zote, profesa. Vivumishi sikuvihakiki. Sikujua kama navyo vinapimwa."

Mwenyekiti wa jopo akamgeukia msimamizi. "Na wewe, mwalimu, hukuliona hili?"

"Niliipitia kwa kina."

"Kina cha nani?" akauliza yule mama, na feni ikapata nafasi ya kugonga peke yake.

Tulitolewa nje. Kwenye korido dada akamvaa mumewe kwa sauti ya chini. "Kiti kile, mume wangu! Ungekubali tu hayo matumaini, yangekugharimu nini?"

"Si yangu."

"Na kiti si chako vilevile!"

Shemeji akaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

Walipomwita, hukumu ilikuwa fupi: amefaulu, kwa sharti kwamba sura ya matokeo aiandike upya mwenyewe, na mtahini wa nje aisome kabla shahada haijatoka.

Alianza tulipofika nyumbani. Dada alienda kuchemsha chai. Aliporudi na vikombe, shemeji alishafunga kompyuta.

"Umechoka?"

"Nimemaliza."

"Sura nzima?"

Akampa karatasi. Dada akasoma kwa sauti: "Waliokumbushwa walirudi zaidi kidogo. Tofauti hiyo yaweza kuwa ya bahati tu. Utafiti huu haukupata ushahidi kwamba ujumbe unasaidia." Akageuza upande wa pili: jedwali. "Na matumaini je?"

"Hayamo kwenye data."

Mtahini alisaini. Shemeji sasa ndiye mkuu wa kitengo, na ripoti za hospitali zimekuwa fupi kiasi kwamba mkurugenzi hupiga simu kuuliza kurasa nyingine ziko wapi.